Gundi Hubadilika, Uzi Hubaki

Unyoya hautaki kukaa juu ya mshale. Ufito wa mshale ni wa mviringo, ilhali uti wa unyoya ni mwembamba, umepinda, na bado una mafuta ya ndege aliyeuvaa. Hata hivyo hakuna namna ya kuuacha. Mshale usio na manyoya hutoka vizuri kwenye ugwe, kisha hupoteza mwelekeo na kwenda mshazari. Manyoya huushika upepo nyuma, yakaulazimisha mkia ufuate kichwa.

Kuna tatizo la pili, ambalo asiyewahi kupiga mshale halioni kirahisi. Kwenye upinde wa kienyeji, katika sehemu nyingi za dunia, mshale hauna pa kuegemea ila juu ya ngumi iliyoshika upinde. Ugwe ukiachiwa, ufito mzima hupita juu ya ngozi, manyoya nayo hupita. Ncha ya mbele ya uti wa unyoya ikiwa imebanduka hata kidogo, hiyo ni sindano inayokuja kwa kasi kuelekea mkononi mwako.

Nimekuwa nikitengeneza mishale ya shabaha kwa miaka sita, na mara nyingi natumia utepe wenye gundi pande zote mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma jinsi watu wa kale walivyolishinda tatizo hili. Nilitarajia kukuta historia ya gundi. Nilichokuta zaidi ni historia ya uzi.

Tuanze na maiti. Septemba 1991, watembeaji wawili katika milima ya Alps, karibu na mpaka wa Austria na Italia, waliona mwili wa mtu ukichomoza kwenye barafu. Mtu huyo, ambaye leo tunamwita Ötzi, alikuwa amekufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Podo lake lilikuwa na mishale 14, lakini miwili tu ndiyo iliyokamilika. Kila mmoja kati ya hiyo miwili ulitiwa nusu tatu za manyoya. Fundi aliyabandika kwa lami iliyopikwa kutokana na magome ya mti wa mbetula, kisha akayazungushia uzi mwembamba wa mmea unaowasha, mzunguko baada ya mzunguko, ukipita katikati ya nywele za unyoya. Lami ile ilikuwa gundi bora ya zama zake. Hata hivyo fundi hakuiachia kazi yote.

Ruka sasa hadi Uingereza, ambako mshale ulikuwa shughuli ya dola. Mwaka 1371 mafundi wa mishale wa London waliomba watenganishwe na mafundi wa pinde, kila kundi lishike kazi yake. Mwaka 1417 Mfalme Henry V, akijiandaa kwa vita vya Ufaransa, aliagiza wakuu wa majimbo wakusanye manyoya sita kwa kila bata bukini. Na mwaka 1545 meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth ikiwa na shehena ya pinde na mishale. Ilipoinuliwa mwaka 1982, zaidi ya mishale 3,000 ilikuwa imepatikana. Manyoya yalikuwa yameoza, lakini mabaki ya gundi yalikuwapo, yenye rangi ya kijani kwa sababu ilichanganywa na shaba, pengine kuwazuia wadudu. Juu ya gundi hiyo palikuwa na alama za uzi uliozungushwa kutoka mwanzo wa unyoya hadi mwisho. Mishale hii ilitengenezwa kwa maelfu, kwa haraka, kwa ajili ya askari ambao fundi asingewaona kamwe. Bado kila mmoja ulifungwa uzi.

Ng'ambo ya Atlantiki, Agosti 1911, mwanamume wa kabila la Wayahi alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California, baada ya watu wake karibu wote kuuawa na walowezi au kufa kwa njaa na maradhi. Walimwita Ishi, neno la lugha yake lenye maana ya "mtu". Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916, na daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake upinde. Kufunga manyoya, Ishi alitumia kano za paa. Alizitafuna hadi zikalainika, akazizungusha zikiwa mbichi, na zilipokauka zilijikaza zenyewe. Kwa vichwa vya mishale alichonga jiwe la volkano, na pia chupa za kizungu. Kioo kilimfaa, akakitumia.

Watu hawa watatu hawakujuana. Nchi zao, ndege wao na miti yao ni tofauti. Lakini wote walifunga mwanzo wa unyoya. Mkono wa binadamu ni mmoja, na ngozi yake huchanika vilevile.

Utepe ulizaliwa mbali na upinde. Mwaka 1925, huko Minnesota, Richard Drew wa kampuni ya 3M alitengeneza utepe wa kuwasaidia wapaka rangi magari, ambao walihangaika kutenganisha rangi mbili kwenye gari moja. Mwaka 1930 akaleta ule unaopenya mwanga, ambao sisi tunauita selotepu. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na watu waliununua kuunga vilivyochanika badala ya kununua vipya. Wenye mishale nao, kwa wakati wao, wakaona faida. Gundi ya chupa hutaka kibano na subira, unyoya mmoja kwa mmoja. Utepe hushika papo hapo: unaukata kwa urefu wa uti, unaubandika, unavua karatasi, unaukalisha unyoya kwenye ufito.

Udhaifu wake nao nimeujua mezani. Hauelewani na mafuta wala unyevu, kwa hiyo uti na ufito lazima vifutwe kwa spiriti kwanza. Na palipo dhaifu zaidi ni pale pale pa zamani, yaani ncha ya mbele. Ndiyo maana nikimaliza kubandika huchukua uzi, nazungusha mara kumi au kumi na mbili mbele na nyuma, kisha natia tone la gundi juu yake. Wapigaji wa mashindano makubwa, hata wa Olimpiki, wengi hutumia mabawa mepesi ya plastiki yanayobandikwa kwa utepe wa pande mbili. Nao huzungushia ncha zake vipande vyembamba vya utepe. Uzi umebadilika sura tu.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kwenye kibanda cha vinyago mjini Arusha. Kijana mmoja mgeni aliushika mshale, akaugeuza, akaona utepe mweusi chini ya manyoya. "Mzee, huu una selotepu. Mimi nataka wa asili."

Mzee hakukasirika. Akamwonyesha kichwa cha mshale. "Hiki nacho kilikuwa msumari, mwanangu. Mbona hukuniuliza?"

Msumari tumeuzoea, ndiyo sababu haukuulizwa. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamefua misumari kuwa vichwa vya mishale tangu enzi za babu zao, na vitabu vya kitaalamu vimewaandika hivyo hivyo, bila mtu kusema uwindaji wao si wa kweli. Chupa ya Ishi iko makumbusho. Shaba ya Waingereza inasifiwa kuwa ni maarifa. Kwa nini utepe peke yake uwe aibu? Naona tumejifunza kumtaka fundi wa Kiafrika asimame pale tulipomkuta, ashike alichoshika babu yake, huku sisi tukimpiga picha kwa simu ya mwaka huu. Fundi wa Ötzi hakuwa akihifadhi mila. Alitumia lami kwa kuwa ndiyo ilikuwa kali kuliko zote alizozijua.

Sisemi vyote ni sawa. Aliyetafuna kano alimjua paa, na aliyepika lami aliujua mti. Mimi naijua duka la vifaa vya ofisi. Hapo kuna kilichopotea, na hakirudi kwa kununua mshale usio na utepe.

Kwa hiyo nikipewa mshale siku hizi, sitazami gundi yake. Napitisha kidole polepole, kutoka kichwani kuelekea mkiani, hadi unyoya unapoanzia. Kidole kikipita bila kukwama, najua aliyeutengeneza alikumbuka kwamba kuna mtu ataushika.