Ubuddha: Mafundisho ya Msingi
Ubuddha ulianzia India ya kale kwa Siddhartha Gautama, aitwaye Buddha, yaani “Aliyeamka”. Msingi wake ni Kweli Nne Kuu: maisha yamefungamana na mateso, chanzo cha mateso ni tamaa, tamaa ikizimika, mateso hukoma, nayo njia ya kufikia hapo ina sehemu 8, kuanzia mtazamo sahihi. Kikomo chake ni nirvana, ndiyo kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya.

Ubuddha haufundishi juu ya Mungu Muumba. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate (1965), ulitufundisha kuheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu ndani yake. Tofauti ibaki wazi: Mkristo haokolewi kwa juhudi zake, bali kwa neema, na mateso yake huyaunganisha na Msalaba wa Kristo.