Inagonga Wapi?

"Sikiliza kwanza, mpwa wangu. Spana baadaye." Hivyo ndivyo mjomba alivyonipokea mwaka 1983, kwenye gereji yake ya chini ya mwembe, si mbali na chuo cha Mzumbe, enzi hizo kikiitwa IDM. Kwa Waluguru mjomba ni mlezi, na wangu alinilea kwa sauti za vyuma.

Kazi yetu kubwa ilikuwa Land Rover 109 zilizoshuka na kabichi na viazi vya Mgeta, zikapita Mlali hadi Sangasanga, kwenye barabara kuu ya Iringa. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mbele zilibebwa na springi za majani, si koili, na mawe yote ya mlimani yaliishia kwenye bushi. Mpira wa bushi ukilika, chuma hukutana na chuma: ko, ko, ko.

Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni, na bushi mpya hukuipata hata kwa pesa mkononi. Kubadilisha vitu kwa kubahatisha hakukuwezekana. Ilikulazimu ukijue chenyewe kinachogonga. Mjomba alifungua shokapu za mbele, akaliendesha gari taratibu bila hizo. Sauti ikipotea, kosa ni raba za shokapu, nazo tulizichonga kwa tairi kuukuu. Isipopotea, nililala uvunguni, kiganja juu ya sheko inayoshikilia springi, yeye akilitikisa gari.

Gari moja lilitutesa siku mbili. Bushi nzima, tairodi hazichezi. Siku ya tatu mjomba akapitisha kidole kando ya yubolti inayobana springi kwenye ekseli, kikatoka na unga mwekundu. Nikasema ni udongo wa mlimani. Akautemea mate, akausugua: udongo huwa tope, ule ukabaki chengachenga, kahawia iliyoiva. Kutu ya vyuma vinavyosagana. Nati ikakazika karibu mzunguko mzima, na gari likanyamaza.

Kuanzia 1984 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao, spea zikarudi madukani polepole. Ni neema, siikatai. Lakini siku hizi naletewa magari yaliyofungwa bushi mpya, shokapu mpya, boljointi mpya, na bado yanagonga vilevile. Namwomba mwenye gari azime redio, tunashusha vioo, tunaishika njia ya Mlali.