Alama ya dereva mpya: Je, itasomwa na nani Tunduma?

SIKU mwanafunzi wa udereva anapokabidhiwa leseni yake, herufi L iliyokuwa mbele na nyuma ya gari huondolewa. Kuanzia saa hiyo, mbele ya sheria, yeye na mtu aliyeshika usukani kwa miaka 30 ni madereva sawa. Anayemfuata nyuma barabarani hana njia ya kuwatofautisha.

Katika mitaa mingi tofauti hiyo hupita bila kuonekana. Tunduma si mji wa namna hiyo. Hapa ndipo barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam umbali wa zaidi ya kilomita 900, inapokutana na mpaka wa Zambia. Hapa pia ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Sumbawanga. Dereva aliyepata leseni wiki iliyopita hutoka nyumbani na kuingia moja kwa moja katikati ya malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi.

Swali linaloulizwa na wadau wa usalama barabarani katika nchi nyingi lina uzito wa pekee mjini humo: je, dereva mpya alazimishwe kuweka alama inayoonyesha kwamba bado ni mgeni wa barabara? Na kama ataiweka, anayemfuata atawajibika kufanya nini?

Sheria inavyosema

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwanafunzi na inamtambua dereva. Mwanafunzi hupewa leseni ya kujifunzia, huendesha akiwa na msimamizi, na gari lake hubeba herufi L. Akihitimu mafunzo na kufaulu mtihani wa polisi, hupewa leseni inayotolewa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ikiwa na daraja linalolingana na aina ya chombo. Daraja D, kwa mfano, ni la magari madogo ya binafsi, wakati madaraja ya mabasi na magari makubwa yana masharti yake.

Sheria hiyo haikuweka ngazi ya kati, yaani ya mtu aliyefaulu lakini bado hajakomaa. Mpangilio huo una asili yake. Herufi L ilianza kutumika Uingereza mwaka 1935, pamoja na mtihani wa lazima wa udereva, na kuenea katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya utawala wake. Wakati huo magari yalikuwa machache, na kufaulu mtihani kulichukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa kujifunza.

Uzoefu wa miongo iliyofuata ulionyesha vingine. Hatari ya ajali kwa dereva mpya huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yake, kisha hupungua kadiri anavyozoea. Mwanafunzi huwa na mwalimu pembeni wa kumtahadharisha. Siku ya kwanza ya leseni kiti hicho huwa kitupu, na jicho la pili halipo tena.

Mji unaokua, barabara ile ile

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa, wilayani Mbozi. Tunduma, iliyo katika Wilaya ya Momba, ndiyo mji wake mkubwa wa biashara. Katika Sensa ya mwaka 2012 mji huo ulikuwa na watu wasiofikia 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta idadi hiyo imevuka 200,000.

Watu walipoongezeka, vyombo vya moto navyo viliongezeka: teksi, bajaji, bodaboda na magari ya wafanyabiashara. Lakini njia kuu ya kupita mjini ni ile ile inayotumiwa na malori ya masafa marefu. Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, kilikusudiwa kupunguza muda wa kuvuka mpaka. Hata hivyo, foleni ya malori imeendelea kuwa sehemu ya maisha ya mji, na nyakati za msongamano hurefuka kuelekea Mpemba.

Foleni hiyo humdai dereva ujuzi ambao ni vigumu kuupata chuoni. Lori lililosimama humziba mtembea kwa miguu anayejitokeza ghafla. Bodaboda hupenya katikati ya trela mbili. Gari dogo linalojaribu kuipita foleni hujikuta uso kwa uso na basi linalotoka Sumbawanga au Mbeya.

Nje ya mji hali ni tofauti, lakini si nyepesi. Kutoka Tunduma kupitia Vwawa na Mlowo hadi mpakani mwa Mkoa wa Mbeya, sehemu kubwa ya barabara ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Eneo la Senjele lina mteremko unaofahamika kwa ajali. Msimu wa mvua huleta ukungu katika nyanda za juu za Mbozi, na dereva aliyejifunza mchana wa jua hukutana na barabara asiyoijua.

Hesabu ya breki

Sheria inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu. Gari lililo katika kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa katika kilomita 80, husafiri zaidi ya mita 22 kwa sekunde hiyo hiyo, kabla dereva hajagusa hata breki.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu uzito wa juu wa tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake. Uzito huo ni zaidi ya mara 40 ya gari dogo la kawaida. Likiwa mteremkoni, dereva wa lori hulazimika kushuka kwa gia nzito ili injini isaidie kulizuia. Akitegemea breki pekee, hupata moto na kupoteza nguvu.

Dereva mpya wa gari dogo huenda asiyajue hayo. Hulipita lori mteremkoni, hurudi mbele yake kwa ghafla, kisha hufunga breki kwa sababu ameona shimo au kituo cha polisi. Kwake ni kosa dogo. Kwa aliye nyuma yake na tani 56, nafasi aliyoiacha ili iwe salama yake imechukuliwa, na hana muda wa kutafuta nyingine.

Hapo ndipo wanaounga mkono alama wanapojenga hoja yao. Dereva wa lori aliyeona mapema kwamba aliye mbele ni mgeni angeongeza nafasi, na angetarajia klachi kuzimika kwenye mwinuko au gari kusita kwenye makutano. Alama, kwa maneno yao, haimfanyi dereva mpya kuwa hodari, bali humpa jirani yake taarifa.

Wenzetu walivyofanya

Japani, ambako hutoka magari mengi yaliyotumika yanayouzwa Tanzania, iliweka alama ya dereva mpya mwaka 1972. Ni umbo la jani lenye rangi ya njano na kijani, nalo huwekwa mbele na nyuma kwa mwaka mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba sheria ya Japani haikuishia kwa dereva mpya. Dereva mwingine anayembana au kumkatia njia mwenye alama hiyo bila sababu ya kiusalama naye hutenda kosa.

Ufaransa hutumia herufi A nyekundu katika duara jeupe. Dereva mpya huwa katika kipindi cha majaribio cha miaka mitatu, hupunguzwa kwa waliojifunza mapema kwa kusindikizwa, na mwendo wake katika barabara za kasi ni kilomita 110 kwa saa badala ya 130. Singapore huweka alama ya pembetatu kwa mwaka mmoja. Jamhuri ya Ireland ilianza kutumia herufi N Agosti 2014, kwa miaka miwili.

Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, dereva huanza na herufi P nyekundu, kisha P ya kijani. Kila ngazi ina kikomo chake cha mwendo: kilomita 90 kwa saa katika ya kwanza na 100 katika ya pili.

New Zealand ilichukua njia nyingine. Mwaka 1987 ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua. Dereva wa ngazi ya kati haendeshi peke yake usiku kuanzia saa 4 hadi saa 11 alfajiri, wala habebi abiria ovyo bila msimamizi. Mkazo uko katika masharti, na L huwekwa na mwanafunzi pekee.

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba leseni ya hatua kwa hatua hupunguza ajali za madereva vijana. Kuhusu alama yenyewe, ushahidi si wa upande mmoja. Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipowataka madereva vijana kuweka kibandiko chekundu mwaka 2010, watafiti waliofuatilia matokeo walifikia hitimisho tofauti.

Hoja za wanaopinga

Wapinzani wa alama wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Kwanza, gari la familia huendeshwa na watu kadhaa. Kibao kikisahaulika nyuma ya gari wakati baba mwenye uzoefu anaendesha, alama hupoteza maana, na baada ya muda hakuna anayeiamini.

Pili, alama inaweza kumgeuza mwenye nayo kuwa windo. Dereva asiye na subira humpigia honi, humsukuma kwa taa na kumpita mahali pasiporuhusiwa. Aidha, ikiambatana na mwendo mdogo sana, huweza kuzalisha hatari mpya. Ireland Kaskazini, iliyowabana kwa miongo mingi madereva wenye herufi R katika kilomita 72 kwa saa, ilikumbana na lawama hiyo ya kuwalazimisha wengine kupita kwa pupa. Kwenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kama ile ya Mlowo, lawama hiyo ni nzito.

Tatu, na pengine kubwa kuliko zote kwa Songwe, ni kwamba alama humfikia aliyepita mlango wa leseni. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo, lakini waendeshaji wasio na mafunzo wala leseni wamebaki kuwa tatizo la nchi nzima. Kijana aliyefundishwa pikipiki na rafiki yake jioni moja hatabandika herufi yoyote.

Wapo pia madereva wa magari ya IT, yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwa magurudumu yake yenyewe kwenda nchi jirani. Dereva wake anaweza kuwa na leseni ya miaka mingi, lakini gari analoliendesha amelijua siku hiyo hiyo. Kadhalika dereva wa lori anayevuka Zambia na kuingia Kongo kwa mara ya kwanza hulazimika kuhama kutoka upande wa kushoto kwenda kulia. Ugeni wa barabara hauhesabiwi kwa tarehe ya leseni pekee.

Mji uliozoea kusoma magari

Hata hivyo, si kweli kwamba alama ni jambo geni kwa wakazi wa Tunduma. Mpita njia huko hulisoma gari kabla halijamfikia. Kibao cha namba cha njano humwambia kuwa ni la binafsi, cheupe kuwa ni la biashara. Herufi STK humwambia kuwa ni la Serikali. Maandishi IT humfanya asogee pembeni. Kinachokosekana ni alama inayomwambia nani yuko nyuma ya usukani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa wengi wanaochukua leseni kwa mara ya kwanza, na ndio wa wengi wanaotembea kando ya barabara ya TANZAM wakienda shule na sokoni.

Mifano ya wenzetu inaonyesha kuwa kibao kikiwa peke yake ni pambo. Hupata nguvu kinapokuwa na mambo matatu: muda maalumu, ili kiondolewe kabla hakijazoeleka, masharti yanayoeleweka kuhusu mwendo, usiku na abiria, na wajibu kwa aliye nyuma. Bila hilo la tatu, dereva mpya ndiye pekee anayebebeshwa mzigo, ilhali mwenye uwezo mkubwa wa kuua au kuokoa ni yule aliye juu ya lori.

Mwendo salama kati ya Mpemba na mpakani daima ni mapatano ya watu wawili wasiofahamiana. Mmoja anakiri kwamba bado anajifunza. Mwingine anakubali kumwachia nafasi. Sheria itakayomdai wa kwanza kukiri bila kumdai wa pili kuacha nafasi itaongeza kibandiko kingine kwenye magari ya Tunduma, na foleni itabaki kama ilivyo.