Bata kwa Njia ya Posta: Masaa 72 Yaliyojenga Biashara Nzima

Wadau, leo mastaa wapumzike kidogo. Tunaongelea boksi.

Piga picha unaishi kijijini huko Iowa, Marekani. Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. Unapokea ukidhani kuna msiba, kumbe ni mtu wa posta: "Njoo chukua mzigo wako, unapiga kelele." Unavaa koti, unawasha gari, unafika unakabidhiwa boksi la karatasi ngumu lenye vitundu pembeni. Ndani yake kuna vifaranga vya bata, wazima, wa manjano, wamesafiri kutoka jimbo la mbali bila chakula wala maji.

Hii sio stori ya kutunga. Imefanyika zaidi ya miaka 100 na bado inafanyika. Leo hii mtu anaingia mtandaoni, anachagua aina ya bata, analipa, na siku chache baadaye posta inampigia. Swali ambalo kila mtu anauliza akisikia mara ya kwanza ni moja tu: hao viumbe hawafi njiani?

Jibu lake ndilo lililojenga biashara nzima. Na kila mara watu walipolisahau, vifaranga ndio waliolipa.

Siri iko tumboni

Kifaranga akikaribia kutoka kwenye yai, ananyonya kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake. Yaani anazaliwa na chakula chake ndani, kama mtu anayepanda basi la mkoani akiwa ameshashiba. Akiba hiyo inaweza kumfikisha karibu siku tatu.

Maumbile hayakupanga hivyo kwa ajili ya posta. Yai moja linaanguliwa leo, jingine usiku, jingine kesho. Wa kwanza kutoka inabidi wawasubiri wenzao chini ya mbawa za mama, na mama hawezi kuwaacha mayai akaenda kutafuta chakula. Kile kiini ndicho kinachowavusha kipindi cha kusubiri.

Binadamu akakiona kipindi hicho akasema: hapa kuna dili.

Kabla ya boksi kulikuwa na mashine

Kutotolesha mayai bila mama ni jambo la zamani sana. Wamisri walikuwa na matanuri maalum ya kazi hiyo maelfu ya miaka iliyopita, na Wachina nao walikuwa na ujuzi wao wa kuangua mayai ya bata kwa wingi. Marekani iliingia kwenye mchezo baadaye, ila iliingia na mashine. Mwaka 1879, kwenye mji wa Petaluma, California, Lyman Byce na mwenzake Isaac Dias walitengeneza mashine ya kutotoleshea iliyofanya kazi vizuri, na mji ule ukageuka kuwa moja ya vituo vikubwa vya mayai duniani.

Sasa ukishakuwa na mashine inayoangua mamia ya vifaranga kwa mkupuo, shida inahama. Unawapeleka wapi? Majirani zako hawawezi kununua wote.

Mwaka 1892, mfugaji wa Stockton, New Jersey, anayeitwa Joseph Wilson, alijaribu kuwasafirisha vifaranga wa siku moja kwa treni. Ikawezekana. Lakini treni inaishia stesheni, na mkulima wa kawaida alikuwa mbali na stesheni. Aliyekuwa anafika mpaka mlangoni kwake ni tarishi, maana kuanzia 1896 posta ya Marekani ilianza kupeleka barua vijijini bure.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi posta haikuchukua vifurushi vikubwa. Hiyo ilibadilika tarehe 1 Januari 1913, huduma ya vifurushi ilipoanza, na watu wakachanganyikiwa kwa furaha. Wiki chache tu baadaye, wazazi fulani wa Ohio walimkabidhi tarishi mtoto wao mchanga ampeleke kwa bibi yake jirani. Stempu ya senti 15! Mtoto alikuwa na uzito wa chini kidogo ya kikomo cha ratili 11, kwa hiyo akapita. Mwaka 1914 binti mdogo wa Idaho naye akasafirishwa kwa treni ya posta kwa senti 53, stempu zimebandikwa kwenye koti lake. Baadaye wakubwa wa posta wakasema basi, binadamu marufuku.

Binadamu wakatolewa, vifaranga wakaingizwa. Mwaka 1918 posta ya Marekani ilianza kupokea vifaranga wa kuku wa siku moja. Mpaka leo sharti ni lile lile la tumboni: anakabidhiwa posta akiwa na umri usiozidi masaa 24, na anatakiwa kumfikia mwenyewe ndani ya masaa 72 tangu aanguliwe. Siku na saa ya kuanguliwa inaandikwa kwenye boksi. Orodha ya wanaoruhusiwa imeshapanuka: bata, bata bukini, bata mzinga, kanga, kwale, mpaka emu.

Kwa nini bata hasa

Kuku kila kijiji wapo. Bata ni habari nyingine, na hapa ndipo posta ilipokuwa mkombozi.

Bata mweupe mnayemwona kwenye katuni na kwenye sahani za hoteli asili yake ni China. Tarehe 13 Machi 1873 meli ilifika New York ikiwa na bata tisa tu waliobaki hai baada ya safari ya miezi minne hivi baharini. Kutokana na hao, Wamarekani wakajenga ufugaji mkubwa wa bata hasa kwenye kisiwa cha Long Island. Bata tisa, wadau!

Tatizo la huyu bata ni moja: jike lake halina uvumilivu wa kuatamia. Anataga vizuri, halafu anaondoka zake. Zamani wafugaji walikuwa wanamdanganya kuku alalie mayai ya bata. Na kazi yenyewe ni ndefu, maana yai la kuku ni siku 21, la bata huyu ni siku 28, na la bata Muscovy, yule mwenye uso mwekundu ambaye hata huku kwetu yupo, ni karibu siku 35. Kuku wa watu anakalia wiki ya nne anashangaa kuna nini.

Kwa hiyo mtu akitaka bata wa aina hii, njia rahisi ni kununua walioanguliwa na mashine. Na kwa kuwa viwanda vinavyototolesha bata ni vichache, na viko mbali, boksi la posta likawa ndio mlango. Bila posta, mfugaji mdogo asingekuwa na chaguo.

Wasio na majina

Ukisoma historia hii utakutana na majina ya wenye viwanda. Murray McMurray wa Webster City, Iowa, alikuwa mtu wa benki aliyeanza kuuza vifaranga mwaka 1917. Benki yake ilipofungwa kwenye mdororo wa uchumi, vifaranga ndio wakawa kazi yake rasmi. Poa, tunamheshimu. Lakini waliofanya mfumo huu uende hawakuandikwa popote.

Wa kwanza ni akina mama wa mashambani. Kule Marekani ya zamani, ng'ombe na mahindi vilikuwa vya baba, ila kuku, bata na mayai ilikuwa himaya ya mama. Hela ya mayai ndiyo iliyonunua sukari, viatu vya watoto, kitambaa, na wakati wa mdororo ndiyo iliyoshikilia nyumba nyingi zisianguke. Mama huyu asingeweza kufunga safari ya siku mbili kufuata vifaranga. Alijaza fomu, akatuma hela, boksi likamfuata. Kwa lugha ya leo, alikuwa ananunua mtandaoni kabla mtandao haujazaliwa.

Wa pili ni makarani wa posta. Fikiria ofisi nzima inalia "pii pii pii" msimu wote wa machipuko. Hawa ndio waliosogeza boksi mbali na dirisha lenye baridi, wasiliweke chini ya mzigo mzito, na kupiga simu alfajiri badala ya kungoja saa za kazi. Sheria inasema masaa 72, lakini sheria haina mikono. Mikono ilikuwa yao.

Hata boksi lenyewe limebuniwa kwa akili. Lile la kawaida la vifaranga 100 limegawanywa vyumba vinne vya 25. Wakiwa wachache mno wanapata baridi, wakirundikana wanakanyagana. Wao wenyewe ndio heta. Bata kwa upande wake anaumizwa sana na kiu, ndiyo maana wauzaji wengine siku hizi wanaweka ndani jeli yenye maji, na mpokeaji anaambiwa akifika nyumbani aanze na maji kabla ya chakula.

Upande wa pili wa boksi

Kiukweli sio kila kitu kilikuwa kizuri. Boksi linalosambaza vifaranga linasambaza na magonjwa. Ugonjwa wa pulloramu uliua vifaranga vingi sana, na ilibidi mwaka 1935 uanzishwe mpango wa taifa wa kupima na kuthibitisha makundi ya ndege kabla ya kuuzwa. Mpaka leo mamlaka za afya za Marekani zinaonya kuwa kifaranga mzuri wa manjano anaweza kubeba salmonela, na watoto chini ya miaka 5 wasimshike.

Kuna na ile ya Pasaka. Watu walikuwa wanapaka vifaranga rangi ya pinki na bluu, wanampa mtoto kama toi, wiki mbili baadaye bata amekua, anachafua nyumba, hatakiwi. Majimbo mengine yakatunga sheria. Kentucky kwa mfano wanakataza kuuza vifaranga wachanga pungufu ya sita, ili mtu afikirie kwanza kabla ya kununua "kazawadi".

Saa ikikwama

Sasa twende kwenye lile linaloumiza.

Agosti 2020, wakati posta ya Marekani ikiwa kwenye mvutano mkubwa kuhusu kuchelewa kwa mizigo, wafugaji wa Maine walifungua maboksi wakakuta kimya. Vifaranga wasiopungua 4,800 waliotumwa jimbo lile walikuwa wamekufa. Na huo ndio mwaka ambao watu walikuwa wamekimbilia kuagiza vifaranga kwa hofu ya korona, mpaka viwanda vikaishiwa.

Mwishoni mwa Aprili 2025, huko Delaware, lori la posta likagundulika limeachwa karibu siku tatu likiwa na vifaranga zaidi ya 12,000. Ndani yake hakukuwa na chakula wala maji. Takriban 4,000 walikuwa wamekufa. Walionusurika wakapelekwa kwenye kituo cha kulelea wanyama, ambako wafanyakazi walijikuta ghafla na maelfu ya midomo ya kulisha, na kiwanda hakikuweza kuwarudisha kwa hofu ya magonjwa. Posta ikakiri kwamba utaratibu ulivunjika.

Angalia namba: siku tatu ni masaa 72. Kiini kilifanya kazi yake yote, sekunde ya mwisho. Binadamu ndio hawakutokea.

Wapo wanaosema biashara hii ifungwe kabisa, kiumbe hai sio kifurushi. Nawaelewa. Wapo wanaosema ukiifunga unamuua mfugaji mdogo na unaviachia viwanda vikubwa kila kitu, na aina adimu za bata zitapotea. Nao nawaelewa. Mimi naona hivi: mfumo huu haujawahi kuwa salama wenyewe. Umekuwa salama pale tu ambapo kila mtu kwenye mnyororo alijua kuna saa inakimbia ndani ya boksi. Barua ikichelewa siku moja tunalalamika. Hii ikichelewa siku moja tunazika.

Na msidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Nenda stendi ya mabasi ya mkoani alfajiri uangalie maboksi yenye vitundu yanayopakiwa, namba ya simu ya mpokeaji imeandikwa kwa maka peni. Kiini ni kile kile na masaa ni yale yale, ila huku badala ya karani wa posta kuna konda. Konda anayeliweka boksi penye hewa badala ya kulisukumia kwenye buti chini ya magunia ndiye ameshika mtaji wa mtu, na hatakaa aandikwe kwenye kitabu.

Haya wadau, nani kati yenu ameshawahi kutuma au kupokea vifaranga kwa basi? Walifika wangapi wazima, na konda alikuwaje? Shusheni maoni hapo chini, nasoma yote.