Mbegu za Mpunga Zilivyochaguliwa Mwea

Mpunga wa Mwea, kusini mwa Mlima Kenya, ulianza kulimwa kwa umwagiliaji katikati ya miaka ya 1950. Mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa jasho la watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na hilo halifai kusahaulika. Maji yalitoka mito ya Nyamindi na Thiba. Majaruba ya mwanzo yalipandwa zaidi aina ya mpunga iitwayo Sindano.

Baadaye zikaenea Basmati 217 na Basmati 370, zenye asili ya Punjab. Hiyo ya pili ilipatikana mwaka 1933 katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, huko huko Punjab, kwa kutenga mimea bora katika mpunga wa wenyeji na kuzidisha mbegu zake. Ndiyo pishori inayosifiwa kwa harufu. Lakini bua lake ni refu: mbolea ya chumvichumvi ikizidi, mpunga hulala, na ugonjwa wa blasti hushambulia majani na shingo za masuke.

Ndiyo maana utafutaji wa mbegu nyingine haukukoma. Katika kituo cha maendeleo ya kilimo cha umwagiliaji Mwea (MIAD), kilichojengwa Kimbimbi kwa msaada wa Japani, na katika vituo vya utafiti vya serikali, kila aina hupandwa kwenye vishamba kadhaa, ili rutuba ya upande mmoja isidanganye. Kando yake hupandwa aina iliyozoeleka, iwe kipimo. Huhesabiwa machipukizi, siku za kuchanua na uzito wa mavuno. Mwea ina mtihani wake pia: baridi ya katikati ya mwaka ikiukuta mpunga umetunga mimba, masuke hujaa mapepe.

BW 196 kutoka Sri Lanka na IR 2793 kutoka Ufilipino zilishinda pishori kwa magunia. Sokoni zilishindwa, kwa kuwa hazina harufu, na bei ikawa ya chini. Wakulima wengi wakapanda BW 196 kwa chakula cha nyumbani, pishori kwa kuuza. Mizani ya mtafiti peke yake, basi, haikutosha. Pua ya mnunuzi ilikuwa na kauli sawa nayo. Komboka, aina iliyoidhinishwa katika mwongo wa 2010, ililenga kuunganisha mavuno mengi na harufu. Hata hivyo, Basmati 370 ndiyo ingali ikipandwa kwa wingi Mwea.