Dorothy Day, Rafiki wa Wafanyakazi (1897–1980)

Mafundisho ya Kanisa juu ya wafanyakazi tunayajua kwa majina ya Mapapa. Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum mwaka 1891. Pius XI akafuata na Quadragesimo Anno mwaka 1931, na Yohane XXIII na Mater et Magistra mwaka 1961. Tunazisoma seminarini, tunazijibu kwenye mtihani, kisha mara nyingi tunaziacha kabatini. Lakini barua ya Papa haina miguu. Lazima mtu aichukue na kuifikisha kwa mfanyakazi. Nchini Marekani mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa mwanamke mlei, Dorothy Day. Twataka kusimulia maisha yake, na hasa jambo moja la mwaka 1949 linalowahusu waseminari wenyewe.

Dorothy alizaliwa Brooklyn, mjini New York, tarehe 8 Novemba 1897. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti. Alisoma miaka miwili katika chuo kikuu cha Illinois, akaacha, akarudi New York kuandika katika magazeti ya wasosialisti habari za migomo na za njaa ya watu wa kazi. Mwaka 1917 alifungwa pamoja na wanawake waliosimama mbele ya nyumba ya Rais, Washington, kudai haki ya kupiga kura. Gerezani walikataa kula.

Siku zile hakuwa bado mkatolika. Aliishi na mtu asiyesadiki Mungu, akamzalia binti mwaka 1926. Furaha ya kupata mtoto ndiyo iliyomvuta kumshukuru Muumba. Binti alibatizwa mwaka 1927, na mama mwenyewe tarehe 28 Desemba mwaka ule ule. Yule mwanaume hakukubali ndoa, wakaachana. Dorothy alilipa ubatizo wake kwa machozi.

Tena alikuwa na swali moyoni. Alipenda Kanisa kwa sababu aliona masikini wanajaa ndani yake. Lakini aliona pia wakristu wengi wakiwagawia masikini mkate bila kuuliza kwa nini wamekuwa masikini. Tarehe 8 Desemba 1932, baada ya kuandika habari za maandamano ya watu wasio na kazi, aliingia katika kanisa la Bikira Maria mjini Washington, akaomba aonyeshwe njia ya kuwatumikia wafanyakazi bila kuiacha imani. Aliporudi New York alimkuta Peter Maurin akimngoja, Mfaransa mzaliwa wa shambani, aliyejua vema barua za Mapapa. Tarehe 1 Mei 1933 wakatoa gazeti, The Catholic Worker, maana yake Mfanyakazi Mkatolika. Mara ya kwanza walichapa nakala 2,500 na kuziuza kwa senti moja, ili hata masikini aweze kununua. Miaka mitatu baadaye nakala zilifika 150,000 hivi.

Kisha wakafungua nyumba za kuwapokea watu wasio na kazi wala pa kulala, wakawapa supu, mkate na kahawa. Mwaka 1936 mabaharia wa New York walipogoma, Dorothy na wenzake waliwalisha wao pia. Angalieni vema: aliyempa mtu supu ndiye aliyesimama naye alipodai mshahara wake. Kwake huruma na haki zilikuwa kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Sasa tufike mwaka 1949. Mwezi wa Januari wachimba makaburi wa Calvary, makaburi ya Kanisa mjini New York, waligoma. Walikuwa 240 hivi, wengi wao wakatolika. Walifanya kazi siku sita, saa 48 kwa juma. Waliomba siku tano, saa 40, bila kupunguziwa mshahara. Bwana wao wa kazi alikuwa Kanisa lenyewe. Kardinali Spellman, Askofu mkuu wa New York, alikataa, akasema chama chao kinaongozwa na wakomunisti. Majeneza yalizidi kungoja, na wafiwa wakalia. Basi mwezi wa Machi Kardinali akawachukua waseminari wa seminari kuu ya Mtakatifu Yosefu, akaenda nao makaburini kuchimba.

Ndugu waseminari, tumfikiri yule mwenzetu aliyeshika beleshi. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Katekisimu yatufundisha hivyo. Tena alitii mkubwa wake. Lakini kila kaburi alilochimba lilimpunguzia baba wa watoto nguvu ya kudai haki yake. Hapo twaona jinsi tendo jema linavyoweza kuwekwa mahali pa haki, hata likaizuia.

Dorothy hakutukana, wala hakukaa kimya. Alimwandikia Kardinali barua ya heshima, akamsihi aende mwenyewe kwa wafanyakazi wake na kupatana nao, maana ni rahisi zaidi kwa mkubwa kulegeza kuliko kwa masikini. Yeye na wenzake walisimama pamoja na wagomaji. Mgomo uliisha mwezi ule ule: mshahara uliongezwa kidogo, lakini siku sita zikabaki siku sita.

Mwaka 1951 ofisi ya Askofu mkuu ilimtaka aondoe neno Katolika katika jina la gazeti. Alijibu kwa upole, akaeleza sababu za kulishika. Jina likabaki, naye akabaki ndani ya Kanisa, akihudhuria Misa kila siku. Wako wanaodhani kwamba kumtii askofu ni kumficha ukweli; wengine wanadhani kwamba kusema ukweli ni kutoka Kanisani. Dorothy hakufuata njia hizo mbili.

Uzee haukumgeuza. Mwaka 1973, akiwa na miaka 75, alifungwa California kwa kusimama na wafanyakazi wa mashamba pamoja na Cesar Chavez. Alikufa New York tarehe 29 Novemba 1980. Mwaka 2000 Roma ilikubali kesi ya kumtangaza mtakatifu ifunguliwe, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtaja kwa sifa mbele ya wabunge wa Marekani.

Nasi tujifunze nini? Ni rahisi kuhubiri juu ya kampuni za madini na mabwana wakubwa. Lakini Kanisa nalo ni bwana wa kazi. Katika misioni zetu wako mpishi, mlinzi, fundi wa kujenga, mfua nguo, mwalimu na katekista. Tukimpa mpishi nguo ya Noeli, na mshahara wa miezi mitatu haujalipwa, tumempa zawadi kutoka katika deni letu. Mtume Yakobo asema wazi kwamba mshahara ulionyimwa mfanyakazi unamlilia Mungu. Padri kijana akipokea paroki, afungue basi daftari la mishahara kabla ya kuandika mahubiri yake juu ya haki. Na pale anapoona pungufu, amweleze mkubwa wake kwa heshima na bila woga, kama alivyofanya mama huyu.