Dhahabu ya Saza na Jicho la Gamma

Mgodi wa New Saza, katika nchi ya Chunya ambayo sehemu yake leo ni Mkoa wa Songwe, ulifanya kazi tangu 1939 hata 1956. Watu wa makabila mengi walishuka mashimoni wakavunja mawe, na dhahabu iliyopatikana ikapelekwa ng'ambo. Mwaka mmoja baada ya mgodi kufungwa, huko Berkeley katika Marekani, Hal Anger aliunda kamera isiyohitaji mwanga wa jua. Mambo hayo mawili hayakujuana, lakini yalikuja kukutana, tena mahali padogo mno.

Mgonjwa hupigwa sindano ya dawa itoayo miali ya gamma, mara nyingi tekneti, ambayo nguvu zake hupungua kwa nusu kila saa 6. Dawa hukimbilia kiungo kinachochunguzwa, na kamera hutazama miali itokako. Kamera ya kwanza ya Anger ilikuwa na fuwele ya inchi 4 na, nyuma yake, vali 7. Mwali ulipoipiga fuwele, kimuliko kilitokea. Vali zikakipima, na mahali pake pakajulikana kwa hesabu. Ni kazi ya werevu, ila ina hasara: mwali hugeuzwa mwanga, na mwanga hugeuzwa umeme, na katika kila mgeuzo habari fulani hupotea.

Wabunifu wakataka kuiondoa hatua ya kati. Jerimani ilifaa, lakini ilidai kupozwa kwa naitrojeni ya maji, yapata nyuzi 196 chini ya sifuri. Mzigo usiopendeza kando ya kitanda cha mgonjwa. Ndipo ikatumiwa semikondakta ya kadimi, zinki na teluri, ambayo huridhika na joto la chumbani. Mwali huzing'oa elektroni ndani yake, nazo huvutwa upesi upande mmoja. Matundu yaliyoachwa huenda upande wa pili kwa uvivu, mengine hunaswa njiani, na hesabu huharibika. Wabunifu waliupunguza ubaya huo kwa kuugawa uso wa kupokelea vipande vidogo, vya kiasi cha milimita 2 na nusu, ili alama itegemee elektroni zaidi kuliko matundu. Basi kamera ikaweza kuubagua vizuri zaidi mwali ulionyoka na ule uliopotoshwa na nyama ya mwili.

Vipande hivyo aghalabu hupakwa dhahabu, utando mwembamba kuliko unywele. Ilichimbwa wapi, hakuna awezaye kusema, kwa kuwa dhahabu ikiisha kuyeyushwa haina kabila.

Katika Tanzania elimu hii ilipata makao Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wadachi ikafunguliwa 1897, na kufanywa taasisi ya saratani 1996. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika, katika nyika ile ile ya Saza, ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Mgonjwa wa Saza anayepelekwa Ocean Road husafiri zaidi ya kilomita 800. Tekneti haiwezi kumfuata. Ikitumwa kwa gari, baada ya saa 12 za njia ingekuwa imebaki na robo tu ya nguvu zake.